Picha Aliyoikubali Mama Mdogo

Mimi ni mpiga picha za starehe. Ukiniuliza kazi yangu ni nini nitakujibu hivyo hivyo, na kama unataka kucheka, cheka. Kwa miaka mitatu, kila Alhamisi hadi Jumamosi, nilipanda ghorofa ya tisa ya jengo moja refu la vioo, kwenye ukumbi wa muziki ambao wenye nazo hupanga foleni kuingia, nikawapiga picha wakifurahi. Kesho yake picha ziliwekwa mtandaoni, wakajitafuta, wakajiona, na wiki iliyofuata wakarudi ili wajione tena. Ndivyo biashara ile ilivyokwenda.

Meneja wa ukumbi, mtu mwembamba mwenye viatu vinavyong'aa kuliko maneno yake, alinipa masharti mawili siku ya kwanza. La kwanza, kila mgeni aonyeshwe picha yake kwenye kioo cha kamera kabla sijaondoka mezani kwake. Akisema futa, nifute palepale akiona. La pili, mfanyakazi asionekane. Si mhudumu, si mlinzi, si mwosha vyombo. "Watu hawaji hapa kutazama jasho," aliniambia. Kwa hiyo mkono wa mhudumu ukiingia pembeni ya picha, mimi asubuhi nakaa kwenye kompyuta kuuondoa. Nimeondoa mikono mingi mpaka nikawa hodari. Mgeni mmoja aliwahi kulalamika kwamba kwenye picha yake kuna sinia linaelea hewani na glasi sita.

Masharti hayo niliyashika, hata yaliponiudhi. Mama mmoja mwenye hereni nzito alinifutisha picha kumi na nne kwa sababu ya kidevu chake. Nilizifuta zote kumi na nne, nikamwambia asante.

Aliyeniombea kazi ile ni mama mdogo, yaani mdogo wake marehemu mama yangu, ambaye ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu. Yeye alikuwa mhudumu wa msalani wa wanawake palepale ukumbini, mwaka wa kumi na moja sasa. Ukisikia mhudumu wa msalani utadhani ni mtu wa kugawa karatasi tu. Mama mdogo alishona kamba za magauni zilizokatika, aliwafunga viatu wasioweza tena kuiona miguu yao, aliwapangusa waliotapika, na zaidi ya mara moja alimnyang'anya simu mwanamke aliyekuwa anataka kumpigia mwanamume asiyestahili. Kabla sijaja pale, walimwita "yule wa chooni". Mimi nilipomwita Mama Mdogo mbele za watu, wenzake wakaiga, wageni nao wakaiga, likawa ndilo jina. Meneja peke yake aliendelea kusema "yule".

Lifti ilikuwa ya wageni. Sisi tulipanda ngazi, ghorofa tisa, na mama mdogo miguu yake ilikuwa inavimba. Alipumzika kwenye ghorofa ya tatu, ya tano na ya saba, akijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Sikuwahi kumsikia akilalamika. Mimi ndiye niliyekuwa nalalamika kwa niaba yake, kimoyomoyo, na hasira ikiwekwa moyoni muda mrefu hutafuta pa kutokea.

Mwaka wa tatu nikaanza kupiga picha za wizi. Sina neno jingine. Kamera naiweka kiunoni, taa ya flashi nimeizima, najifanya napanga mkanda, kumbe nimeshapiga. Nilimpiga mlinzi wa mlangoni, jitu la miraba minne tuliloliita Ukuta, amemshikia mgeni mwavuli kwenye mvua huku yeye mwenyewe analowa mpaka soksi. Nilimpiga mwosha vyombo akila amesimama nyuma ya mlango, jicho moja kwenye sahani na jingine kwa msimamizi. Nilimpiga mhudumu amepiga magoti akifuta kinywaji ambacho kijana mmoja alikimwaga makusudi ili wenzake wacheke, na viatu vya hao wenzake vimemzunguka kila upande. Na usiku mmoja, saa tisa, nilimpiga mama mdogo akiwa amelala stoo katikati ya makreti, mdomo wazi, miguu yake ndani ya ndoo ya kupigia deki.

Ilikuwa picha kali. Naisema kama fundi, si kama mwana.

Nilizipeleka picha ishirini kwenye kituo cha utamaduni cha mtaa wa pili, ambako kuna ukumbi mdogo wa maonyesho. Mkurugenzi wa kituo alizitazama moja moja. Alipofika kwa mama mdogo, akaweka mkono kifuani. "Hii," akasema, "hii tutaitengeneza kubwa kuliko mlango. Mtu akiingia tu, akutane nayo." Akanipa Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa kumi alasiri. Nikavimba kichwa. Niliteremka ngazi za kituo najiona mkombozi wa wanyonge wote wa mjini.

Tangazo la maonyesho lilipotoka, likitaja ukumbi wetu, Meneja akaliona. Jumanne mchana akaniita ofisini.

"Picha ulizopiga ndani ya ukumbi wangu ni za ukumbi wangu," akasema. Hakupandisha sauti, watu wa aina yake hawana haja. "Ijumaa saa sita uniletee kadi za kamera, uzifute hapa nikiona. Usipoleta, kazi huna. Na yule wa chooni naye ataondoka na wewe. Si ndugu yako?"

"Ni mama yangu," nikasema.

"Basi umwonee huruma mama yako."

Nilitoka pale damu inanichemka. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilijua mama mdogo angewaka kama mimi, tungekaa mezani tupange vita pamoja.

Nilimkuta anapiga pasi sare yake. Nyumba yetu ni vyumba viwili, na meza ya chakula ndiyo hiyohiyo ya pasi na ya kompyuta yangu. Nikamweleza yote tangu mwanzo: picha, kituo, Ijumaa, vitisho vya Meneja. Akasikiliza huku anapita na ncha ya pasi kwenye kola. Nikamwambia, "Ngoja uione mwenyewe," nikaifungua picha yake ikajaa kwenye kioo.

Akaisimamisha pasi. Akavaa miwani.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, Mama."

"Najua ni mimi, sijapofuka. Nauliza huyu ni nani, aliyeachama hivi?"

Nikanyoosha mkono kuifunga, akanizuia.

"Ulisimama wapi?"

"Mlangoni."

"Ukanitazama nimelala."

"Ndiyo."

"Ukapiga picha."

"Ndiyo, Mama."

"Halafu ukaenda zako, ukaniacha vilevile na mdomo wangu."

"Nilitaka watu waone unavyoteseka!" nikasema, na sauti yangu ilipanda kuliko nilivyokusudia. "Miaka kumi na moja hakuna anayekuona!"

"Punguza sauti, jirani hajanunua tiketi." Akaivua miwani. "Wale walevi wako wa mezani, ukishawapiga picha unafanyaje?"

Nilijua anakokwenda, na nikatamani asifike.

"Nakuuliza wewe."

"Nawaonyesha."

"Na wakikataa?"

"Nafuta."

"Hata yule wa kidevu?"

"Hata yeye."

"Mimi je?"

Nyani haoni kundule. Nilikuwa nimekaa miaka mitatu nikihesabu dharau za wengine, na yangu nilikuwa nimeibeba begani kwa mkanda wa kamera.

"Sasa nisikilize, mwanangu," akasema. "Meneja hataki nionekane kabisa. Wewe unataka nionekane nimeachama kama maiti, wenye nazo waje wanihurumie, wanyooshe vidole, warudi kwenye magari yao. Hebu niambie mmetofautiana nini, wewe na yeye?"

"Mimi nakupenda."

"Hilo silikatai. Futa."

"Mama, hii ni picha bora kuliko zote nilizowahi..."

"Futa nikiona."

Nikafuta. Kwenye kompyuta, kwenye kadi, na ile nakala niliyoihifadhi pembeni, maana alinijua, akauliza, "Na nyingine umeficha wapi?" Nikalia. Na ukweli ni kwamba mwanzoni niliililia picha, si yeye. Aibu ilikuja baadaye, pasi ilipokuwa imeshapoa. Aibu ile ilinichoma, na nikiikumbuka bado inanichoma.

Nilipofuta machozi nikasema, "Basi nitampigia Meneja nimwambie tumekubali."

Aligeuka haraka utafikiri nimemmwagia maji. "Tumekubali nini?"

"Si umesema nifute?"

"Nimesema ufute ile. Nimekuambia mimi namwogopa Meneja? Usinitie maneno mdomoni. Ubao wenu wa maonyesho una nafasi yangu, hauna?"

"Unayo. Kubwa kuliko mlango."

"Basi isikae wazi."

"Atakufukuza, Mama."

"Atanifukuza. Miaka kumi na moja natoka mle kwa mlango wa takataka. Akinifukuza nitatokea wapi, dirishani?" Akaichukua sare, akaitundika vizuri. "Kesho mchana tunafanya usafi mkubwa. Siku ya usafi Meneja haji mpaka saa kumi na moja. Njoo na kamera yako, uje na hizo picha nyingine pia. Kila uliyemwibia utamwonyesha, aseme mwenyewe. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Na wewe kwenye haya mambo ulikuwa upande wa wenye mkuki."

Sijui kama umewahi kuona ukumbi wa starehe mchana. Ni kama mtu aliyevua meno ya bandia. Makochi meupe yana matundu ya sigara, zulia lina madoa ambayo hutaki kuyajua, na hewa ni ya dawa ya kusafishia iliyochanganyika na manukato ya jana. Wafanyakazi walikuwa wanadeki wakiimba. Mama mdogo akapiga makofi, akawaita karibu na baa. "Huyu mtoto wangu ana neno la kuwaambia," akasema, kisha akaniachia mwenyewe, hakunisaidia hata kidogo.

Niliwaambia nilichofanya. Kuna walioguna, kuna mmoja aliyeniita jina ambalo nilistahili. Halafu nikawaonyesha, mmoja mmoja, kwenye kioo cha kamera, kama ninavyowaonyesha wageni.

Mwosha vyombo hakuitazama hata mara mbili. "Wakwe zangu wanajua mimi ni karani," akasema. "Futa, dada, tena haraka." Nikafuta. Yule mhudumu wa kupiga magoti akauliza kama naweza kumpiga nyingine akiwa amesimama. Ile ya magoti nikaifuta. Ukuta aliishika kamera kwa mikono miwili, akaitazama picha yake ya mvuani mpaka nikaanza kuogopa.

"Huyu mgeni mkavu," akasema taratibu, "mimi nimelowa chepechepe, halafu ukituangalia, anayetetemeka ni yeye." Akacheka. "Hii iache. Andika na chini kwamba mwavuli ulikuwa mkubwa, tungetosha wote wawili."

Mpaka saa nane, katika picha ishirini zilibaki saba. Nilikuwa nimejiandaa kuumia, nikashangaa siumii.

Ndipo mama mdogo akatoka msalani. Alikuwa ndani ya sare yake iliyopigwa pasi, kola imesimama. Akapita katikati yetu moja kwa moja hadi kule juu, kwenye jukwaa la wageni wakubwa, lenye kochi refu jeupe na meza ya kioo. Mfanyakazi hakai kwenye kochi lile. Hakuna mahali palipoandikwa, lakini kila mtu anajua. Mhudumu mmoja aliwahi kufukuzwa kwa kuegemea tu kidogo akingojea oda. Mama mdogo alikaa. Hakukaa ukingoni kama mtu aliye tayari kuinuka. Alikaa katikati, akaegemea, akavua viatu, akanyoosha miguu yake iliyovimba, akaiweka juu ya meza ya kioo.

Ufagio wa mtu ulianguka mahali fulani. Hakuna aliyeuokota.

"Haya," akaniambia. "Na miguu ionekane. Leo nimeileta mwenyewe."

Nikapiga, nikampelekea kamera. "Hapa nimenuna, watasema nimekuja kudai." Nikafuta. Nikapiga tena. "Hapa nacheka mno, watasema nimekunywa." Nikafuta. Alinifutisha kumi na moja, na Ukuta akaanza kumtania kwamba amekuwa na kidevu naye. Ya kumi na mbili aliivalia miwani. Anaitazama kamera usoni, hana huruma ya kuomba wala ya kutoa, na nyayo zake ziko mbele zaidi ya uso, kubwa, zenye nyufa, bila aibu yoyote.

"Huyu ni mimi," akasema. "Hii peleka."

Mkurugenzi wa kituo alisikitika kidogo nilipomweleza. "Ile ya stoo ilikuwa na uchungu," akasema. Nikamwambia mwenyewe kaikataa. Akaagiza hii ichapishwe kubwa kuliko mlango.

Ijumaa saa sita sikupeleka kadi yoyote. Saa kumi alasiri tulifungua. Wenzetu wa ukumbini walikuja karibu wote kabla ya zamu, nguo safi, hata mwosha vyombo alikuja akasimama nyuma kabisa akiwa amejitanda kitambaa kichwani. Wakaja wanafunzi, wapita njia, na baadhi ya wageni wa ukumbi wetu waliofuata tangazo wakidhani watajiona. Mwanamke mmoja alisimama mbele ya ile picha kubwa, akageuka, akamwona mama mdogo mwenyewe amesimama kando yake. Akamkumbatia, kisha akahamia haraka kwenye picha nyingine, maana siri alizoziacha kule msalani alizijua mwenyewe.

Haikupita nusu saa, Meneja akaingia. Nyuma yake alikuwa Ukuta, ambaye baadaye alituambia aliamriwa aje kwa "kazi ya dakika tano" bila kuelezwa kazi gani. Meneja akatazama kochi lake, meza yake, na nyayo za mama mdogo. Masikio yakamwiva.

"Shusha hiyo," akamwambia Ukuta.

Ukuta akaitazama picha, akamtazama Meneja, akaweka mikono nyuma.

"Bosi, mimi umeniajiri mlangoni kwako," akasema kwa adabu zote. "Huu si mlango wako."

Mtu akacheka, kisha wengi. Meneja akaona kwamba kwa nguvu haitawezekana, akabadili mwendo. Akasogea kwa mama mdogo, akashusha sauti, akasema neno ambalo kwa miaka kumi na moja halikuwahi kumtoka.

"Mama. Haya mambo tunaweza kuyamaliza kistaarabu. Mwambie mtoto aishushe, hii moja tu, zile nyingine zibaki. Usiku wa leo uje kazini kama kawaida. Nitakutafutia hata kiti cha kukalia kule ndani."

Hapo niliogopa kweli. Kiti ni kitu kikubwa kwa mtu mwenye miguu ile. Nilijua umri wake, nilijua hakuna ukumbi mwingine uliokuwa unamngoja, na nilijua kwamba ni mimi niliyemleta kwenye kona ile kwa kamera yangu. Nikasema kilichokuwa cha haki kusemwa.

"Mama, ukisema ishuke, inashuka. Naishusha mwenyewe sasa hivi."

Aliitazama picha. Ukumbi mzima ukamngojea, nami nikaona kwamba anafikiri kweli, hafanyi maonyesho. Alikuwa anakipima kile kiti.

"Ile ya kwanza niliifuta kwa sababu ilikuwa yangu," akasema mwishowe. "Na hii ni yangu. Ibaki."

"Basi usiku wa leo usije. Wala kesho."

"Sawa. Na wageni wako wakitapika, uwe karibu nao wewe."

Meneja alinitazama mimi pia, akanionyesha kidole, maana yake na wewe vilevile. Nikaitikia kwa kichwa. Kisha akatoka, na Ukuta hakumfuata.

Sitakudanganya kwamba tulishinda. Jioni ile tulikuwa watu wawili wasio na kazi ndani ya nyumba yenye vyumba viwili, na Jumatatu Ukuta naye akafukuzwa, akawa wa tatu. Lakini Meneja alipotoka tu, nilimwambia mama mdogo, palepale mbele ya watu, kwamba nimemponza na naomba anisamehe. Akanishika mkono, akaniambia niache kulia ovyo, nimtafutie kiti, kwa sababu watu walikuwa bado wanaingia.